Maji ya Tisa

Shule ya Wasichana,
Shinyanga.
19 Novemba 1983

Kwa kaka yangu Valerian,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuacha. Wifi hajambo? Na mtoto je, ameshaanza kusimama? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda darasani. Zaidi ya hapo sina neno zuri la kukuambia juu yangu, na sitaki kuianza barua hii kwa kukudanganya.

Nimeipata barua yako ya tarehe saba. Unasema telegramu ilikufikia huko Tanga siku nne baada ya maziko, na kwamba ilikuwa na maneno matatu tu. Usimlaumu Baba. Karani wa posta alimwuliza kama angependa kuongeza, Baba akasema maneno matatu yanatosha kumvunja mtu, ya nini kuongeza la nne. Alikuwa amekuja kutoka Runzewe juu ya lori la pamba, na nyuzi za pamba zilikuwa bado kichwani mwake alipoingia kanisani. Mama alifika kesho yake, mdogo wetu Anisia akiwa amekwisha kuzikwa hapa kwenye makaburi ya misheni, kwa sababu dizeli ya kumrudisha nyumbani haikupatikana.

Katika barua yako umeniuliza mambo mawili. Kwanza, Anisia alikufaje, maana ulimwacha likizo ya Juni akiruka kamba. Pili, yale magunia mawili ya mwani uliyotutumia kwa treni yalitufaa kitu gani. Kaka, hayo mawili ni jambo moja. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kuiweka barua chini.

Wakati nilipokuandikia kuomba mwani, nilikueleza kwa haraka tu. Hospitali ya misheni iliyo jirani na shule yetu ina chumba kidogo cha kupimia magonjwa, na mpimaji wake anaitwa Bwana Otmar, mtu wa Ushirombo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye hutumia unga uitwao agari. Ukiuchemsha na kuuacha upoe, unaganda kama jeli. Huuchanganya na supu ya nyama, akaumimina katika visahani vya kioo, kisha hupaka juu yake damu ya mgonjwa iliyokwisha kulazwa katika nyongo ya ng'ombe. Kama mgonjwa ana homa ya matumbo, baada ya siku mbili vijidudu huonekana juu ya ile jeli, vidoa vidogo vya kijivu kama ukungu wa pumzi kwenye kioo. Kama hana, kisahani hubaki kitupu. Lakini agari hutoka ng'ambo, na wewe unajua hali ya nchi sasa. Hata sabuni hatuna, agari itatoka wapi? Chupa ya mwisho iliisha mwezi wa tano.

Ndipo Mwalimu Ghati, anayetufundisha kemia, aliposema darasani kwamba agari hutokana na mwani mwekundu, na kwamba kama kuna mwanafunzi mwenye ndugu pwani anyooshe mkono. Mkono ulikuwa wangu peke yangu.

Mwani wako ulipofika ulinuka mpaka wenzangu wakahamisha vitanda. Walituita wapika mlenda wa bahari. Anisia, aliyekuwa ndiyo kwanza yuko kidato cha kwanza na hana adabu kwa mtu yeyote, alikuja kuchungulia sufuria akauliza kama hicho ndicho chakula cha watu waliozama. Bwana Otmar naye alikuwa na maneno yake. Alisema katika nchi hii sasa vijidudu ndivyo vinavyokula supu ya nyama kila siku huku walimu wanakula maharage yenye wadudu, na kwamba akizaliwa mara ya pili atamwomba Mungu amuumbe bakteria.

Nakueleza tulivyofanya, kaka, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kilichofuata. Mara ya kwanza tuliuchemsha mwani kama ulivyokuja, na tulichopata kilikuwa laini kama uji wa mgonjwa, kidole kinapita. Mwalimu akasoma tena katika kitabu chake. Akasema inatakiwa kwanza uloweke mwani saa nzima katika maji ya moto yenye soda kali, ile wanayotengenezea sabuni, inayounguza ngozi. Tukafanya. Kisha tukachemsha saa tatu kwa hamu ya kutoa kila kilichomo, na safari hii jeli ilikatikakatika na kutoa machozi. Moto mrefu ulikuwa umeivunja. Tukajaribu saa moja na nusu. Ilipopoa, Mwalimu alikigeuza kibakuli juu chini na jeli haikuanguka. Akacheka kama msichana, akatutuma tukamwite Bwana Otmar aje aione kwa macho yake.

Jambo kubwa, Mwalimu alisema, ni kusuuza. Ile soda inaimarisha agari lakini ni sumu kwa vijidudu. Ikibaki ndani, hakuna kitakachoota hata kama mgonjwa amejaa ugonjwa. Kwa hiyo baada ya kulowekwa, mwani unasuuzwa kwa maji safi, yanamwagwa, unasuuzwa tena. Tulikuwa na vikaratasi vichache vya kupimia soda, vyekundu vinavyogeuka buluu. Maji ya kwanza yaligeuza karatasi mara moja. Ya tano pia. Ya nane yaligeuza kidogo. Ya tisa hayakugeuza. Vikaratasi vikaishia hapo, na Mwalimu akaandika ubaoni kwa chaki: MAJI TISA. Tulilala na maneno hayo.

Halafu tuliigandisha ile agari katika jokofu la mafuta ya taa la hospitali, ikayeyuka, barafu ikaondoka na uchafu uliobaki, tukaianika juani na kuitwanga. Bwana Otmar aliijaribu kwa vijidudu anavyovijua, vikaota vizuri. Wagonjwa watano walipimwa kwa agari yetu. Watatu visahani vyao vilitoa vidoa, wakapewa dawa, wakapona. Mmoja wao ni mama mwenye mapacha, alikuja mpaka shuleni na kuku. Sijawahi kuona shule nzima ikifurahi namna ile kwa sababu ya somo la kemia.

Dawa yenyewe ilikuwa imebaki kopo moja. Daktari Mabula aliweka sheria kwamba anayepewa ni yule tu ambaye kisahani chake kimeota. Wengine wenye homa wangetibiwa malaria. Hakuna aliyemlaumu. Kopo ni kopo.

Agari ya kwanza ilipoisha, Mwalimu alikuwa anasahihisha mitihani, akanikabidhi mimi gunia la pili. Alisema nimekwisha kuwa mkubwa katika kazi ile. Siku ile jokofu lilikuwa limezimwa kwa kukosa mafuta ya taa. Akasema haidhuru, tutaianika bila kuigandisha, ila sasa usafi wote utategemea kusuuza, na mimi ninajua hesabu yake.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe nane Oktoba. Kaka, wewe hukuiona Shinyanga ya mwaka huu. Lambo la shule lilibaki tope lenye nyayo za ng'ombe. Maji tulichota katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mto, unakaa na kata yako ukingoja yachuruzike. Kila msichana alipata ndoo moja kwa siku ya kunywa, kuoga na kufua. Kwa ajili ya agari nilipewa ndoo tano asubuhi, na nne zilizobaki nikazichote mwenyewe mchana.

Nilisuuza mara mbili. Maji ya pili yalikuwa bado yanateleza kati ya vidole kama yana sabuni, na hiyo ni alama kwamba soda ingali nyingi. Nilikuwa ninainua ndoo ya tatu Anisia aliponitumia mtu kutoka bwenini.

Alikuwa na homa siku ya tano. Tulidhani ni malaria kama ya kila mtu. Nilimkuta amelala sakafuni kwa sababu saruji ilikuwa baridi kuliko godoro, midomo imepasuka, na shuka ameichafua, analia kwa aibu, hataki wenzake wamwone. Ndoo yake ya siku alikuwa ameinywa yote. Aliniomba maji. Hakuomba kwa mzaha wake ule. Aliniita dada, yeye ambaye siku zote huniita Mwalimu Mdogo.

Nilirudi maabara nikachukua ndoo tatu zilizobaki. Moja nilimwogesha, polepole, kuanzia kichwani. Ya pili nilifua shuka na gauni. Ya tatu nilimwekea ya kunywa. Nilipokuwa namwagia maji mgongoni alifumba macho, akauliza kama maji haya yametoka mbinguni au kwa Mwalimu Ghati. Nikamwambia yalikuwa ya ziada. Akasema mvua ikinyesha atanijazia ndoo zangu zote, nisiguse hata moja, nikae tu kama bibi harusi.

Mchana nilikwenda mtoni na ndoo nne. Nilikuta watu wamekaa wakitazama mashimo makavu. Mayu mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, aliniambia maji yamekwenda kulala, nirudi kesho. Nilirudi shuleni na ndoo zinazogongana tupu. Wasichana wa zamu walikuwa wameshawasha moto na kuni za wiki nzima zilikuwa zinaungua. Wakanipigia makelele kwamba profesa amechelewa. Mwalimu alipitia dirishani na karatasi zake mkononi, akaniuliza kama maji tisa yametimia.

Nilisema yametimia.

Hapo ndipo penyewe, kaka. Nimepaandika, na mkono haukukatika.

Ile agari iliganda kuliko ya kwanza. Ilikuwa ngumu na inayong'aa, ungeweza kuikata kwa kisu kama sabuni. Mwalimu aliipeleka darasani akaipitisha dawati kwa dawati, akasema wenzangu waone kazi ya msichana anayefuata maelekezo. Nami nilisimama nikapigiwa makofi. Bwana Otmar hakuijaribu kwa vijidudu vyake kama mara ya kwanza. Alisema kitu kizuri kama hiki hakihitaji mtihani, akakitia katika chupa na kuandika kibandiko: Agari ya Serafina.

Anisia alilazwa hospitalini siku ya Jumatano. Ijumaa damu yake ilipakwa juu ya agari ile, pamoja na ya wagonjwa wengine watatu. Jumatatu Bwana Otmar alinitafuta mwenyewe uwanjani ili nisingoje. Aliniambia kisahani cha mdogo wangu ni cheupe kabisa, hakuna homa ya matumbo, ni malaria sugu tu, na Daktari amempa kwinini. Nilikimbia mpaka kanisani kushukuru. Kweli nilishukuru, kaka, kwa magoti yote mawili. Ile habari ya maji nilikuwa nimejiambia kwamba labda tisa yalikuwa mengi mno, labda mawili yanatosha.

Alhamisi nilikwenda kumtazama Anisia baada ya vipindi. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma, na alikuwa anaokota vitu hewani kwa vidole. Nikapita chumba cha kupimia. Bwana Otmar alikuwa anakuna kichwa. Alisema visahani vyote vinne ni vitupu, hata cha mzee mmoja ambaye kwa agari ya kwanza kisahani chake kilitoa vidoa vingi, na sasa ugonjwa ule ule umemrudia. Akatania kwamba agari yangu ni safi mno, vijidudu vinaona haya kuingia.

Nilijua. Wakati ule ule, kaka, nimesimama mlangoni, nilijua kama mtu anavyojua jina lake. Nilifungua mdomo. Ila Mwalimu Ghati alikuwa mle ndani na mgeni, mkaguzi wa shule, na alikuwa anamwonyesha chupa yenye jina langu. Mkaguzi alinipa mkono. Akasema wasichana kama mimi ndio nchi inawangoja. Mwalimu alikuwa ananitazama kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pa mtu kwa ajili yangu. Nikasema asante, mzee. Nikaondoka.

Siku nzima kamili nilikaa na jambo lile. Nilihudhuria sala. Nilikula. Nilijibu swali la jiografia. Nilijiambia Daktari anajua kazi yake, kwinini itafanya kazi, na nikisema sasa nitafukuzwa shule na Baba atakuwa ameuza ng'ombe bure. Niliwaza hayo yote na Anisia yuko umbali wa kutembea dakika saba.

Ijumaa mchana, Sista Justa wa wadi alikuja shuleni kuniita kwa sababu Anisia alikuwa ananitaja. Sikwenda wadini. Nilikwenda kwa Bwana Otmar nikamwambia: maji mawili, siyo tisa. Hakunigombeza. Alivua miwani, akakilowesha kipande cha jeli, akakisugua kati ya vidole, na nikaona vidole vyake vinavyoteleza. Halafu mzee yule alikimbia. Sikujua kama anaweza kukimbia. Anisia alipewa dawa kutoka lile kopo kabla ya saa tisa, na wale wengine watatu pia.

Wale watatu wameshatoka hospitali. Anisia, Daktari alisema, utumbo ulikuwa umekwisha kutoboka, huenda asubuhi ile ile, huenda usiku wa kuamkia. Nilimwuliza ingekuwaje kama angepewa Alhamisi. Akasema swali hilo yeye hawezi kulijibu na mimi nisilijibu. Alikufa Jumamosi watu wakitoka misa ya asubuhi. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu na haukunijua.

Mwalimu Ghati anajua sasa. Alilia mbele yangu, akasema kosa ni lake pia kwa kuuliza kupitia dirishani. Mimi sikubali, ila sikubishana naye. Hakunifukuza. Bwana Otmar ameibandua ile karatasi yenye jina langu na kubandika nyingine inayosema: Isitumike.

Baba na Mama hawajui. Baba anarudia kwamba Mungu ametwaa. Na Mama, kaka, kabla ya kuondoka alinishika uso kwa mikono yake miwili. Wasichana wa bwenini walikuwa wamemsimulia. Alisema jambo moja tu linampa nguvu, kwamba katika ukame wote ule mimi nilimwogesha mdogo wangu kwa ndoo nzima na kumfulia shuka, asife mchafu. Alinishukuru. Amekwenda nalo Runzewe, na anawasimulia majirani.

Sasa nifanye nini na shukrani ile? Likizo inaanza baada ya wiki tatu. Nitakwenda nyumbani na nitawaambia mwenyewe, kwa kinywa changu, wote wawili wakiwa wamekaa. Sikuombi uniombee msamaha kwao wala uniandikie maneno ya kunifariji. Nilitaka tu wewe uwe umejua kabla yao, kwa sababu mwani ulitoka mikononi mwako ukiwa mzuri. Usije ukadhani hata siku moja kwamba kasoro ilitoka baharini.

Nina ombi moja, nalo naona haya kulitamka. Kama moyo wako utakubali, tuma gunia jingine. Agari kutoka ng'ambo haijafika, na homa ya matumbo haijaondoka. Mwalimu amesema nisiiguse kazi hiyo tena mpaka nitakapojisikia tayari. Nimemwambia nikingoja kujisikia sitaigusa milele.

Kaka, mvua ilianza jana asubuhi. Ilikuja na upepo wa vumbi kwanza, halafu ikanyesha mpaka paa la maabara likavuma na wasichana wakatoka nje na nguo zao za shule wakipiga vigelegele. Ndoo zilikuwa zimepangwa chini ya michirizi. Nilipotoka darasani nilizikuta zote zimejaa mpaka mdomoni, na sikuwa nimegusa hata moja.

Nilikaa kando ya ndoo zile muda mrefu. Kisha nikachukua mwani kidogo uliokuwa umebaki chini ya gunia lako, nikauloweka katika soda, nikausuuza. Nilihesabu kwa sauti. Maji ya tisa hayakuteleza.

Nisalimie wifi, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Nimeweka ndani ya bahasha utepe wa nywele wa Anisia, ule wa kijani. Mama alisema upewe wewe. Michembe, vile viazi vikavu alivyotuletea, ipo, nitakupelekea nikimpata mtu wa treni. Ukiandika, na hata usipoandika, mimi nabaki mdogo wako, yule mmoja uliyebaki naye,

Serafina